TAHADHARI: Gemu za mchezaji mmoja zinazogoma kuwaka bila intaneti

Wakuu, kabla ya kulipia gemu yoyote ya kucheza peke yako, someni hili kwanza. Kuna gemu zinauzwa bei kamili, ukurasani zimeandikwa "mchezaji mmoja", hakuna wa kushindana naye wala wa kushirikiana naye, lakini ukikata intaneti hamna kitu. Nyingine haziwaki kabisa. Nyingine zinawaka, zinakuacha uzame kwenye hadithi, halafu mtandao ukiyumba kidogo unajikuta umerudishwa kwenye menyu kuu katikati ya pambano, na kila ulichofanya tangu sevu ya mwisho (pale mchezo ulipohifadhiwa) kimekwenda. Na siku kampuni ikiamua kuzima seva, yaani kompyuta zake ambazo gemu inaunganishwa nazo, unabaki na ikoni tu.

Siongelei gemu za kupambana mtandaoni. Zile kila mtu anajua zinaishi kwa seva, na anayenunua anajua anachonunua. Naongelea hadithi unayoicheza mwenyewe chumbani, ambayo bado lazima kompyuta iliyoko nchi nyingine ikupe ruhusa.

Mkitaka kuona inavyoishia, angalieni The Crew ya Ubisoft. Ilitoka Desemba 2014: gemu ya magari, ramani ya Marekani nzima iliyopunguzwa, na hadithi ndefu ambayo ungeweza kuimaliza bila kuhitaji mchezaji mwingine. Ilidai seva muda wote. Desemba 2023 ikaondolewa madukani, tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na mwezi uliofuata watu wakaanza kukuta leseni yenyewe imeondolewa kwenye akaunti zao. Wenye diski nao hawakupona. Sanduku lipo, diski haina mkwaruzo, konsoli inaisoma vizuri, inafika pale pa kuunganisha na seva, imeishia hapo. Novemba mwaka huohuo wanunuzi wawili walifungua kesi California, na hoja ya kampuni kwa kifupi ni kwamba hawakuwahi kuimiliki gemu, walipewa leseni ya kuitumia. Ukisoma masharti yale marefu ambayo wote tunabonyeza "Nakubali", kweli ndivyo yalivyoandikwa. Mtego uko hapo: kitufe kinasema "Nunua", masharti yanasema kitu kingine.

California yenyewe imeliona hilo. Tangu 1 Januari 2025 sheria ya jimbo hilo inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno kama "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua, akaihifadhi na kuitumia moja kwa moja bila intaneti haiguswi na sharti hilo. Kumbukeni tofauti hiyo mnapochagua duka.

Kampuni zikiulizwa kwa nini, majibu huwa mawili: kuzuia wizi, na kwamba seva inafanya kazi ambayo mashine yako haiiwezi. Hilo la pili lichukulieni kwa tahadhari. SimCity, gemu ya kujenga miji ya kampuni ya EA, ilipotoka Machi 2013, seva zilizidiwa papo hapo. Watu wamelipa pesa zao halafu wako foleni wanasubiri zamu ya kujenga mji wao wenyewe. Maxis, walioitengeneza, wakasema hesabu nyingi za mji zinafanyika kwenye seva na kuzihamisha ni kazi kubwa mno. Hazikupita siku nyingi mtu akaichokonoa, akaonyesha mji unaendelea kuishi vizuri hata intaneti ikikatwa. Machi 2014, mwaka mmoja baadaye, kampuni ileile ikatoa apdeti ya kucheza bila intaneti. Kumbe iliwezekana.

Diablo III ni hivyohivyo. Mei 2012 siku ya uzinduzi watu walikodolea macho ujumbe wa hitilafu namba 37, seva zimejaa. Mwaka uliofuata gemu ikaenda PlayStation 3 na Xbox 360, na huko ikachezeka bila mtandao wowote. Ya kompyuta bado inadai seva. Gemu ileile, mapepo yaleyale.

Msidhani ni mambo ya zamani. Machi 2022 Gran Turismo 7 ilifungwa kwa matengenezo zaidi ya saa 30, na kwa muda wote huo sehemu kubwa ya mchezo wa mtu mmoja haikufikika, kwa sababu sevu yako inahakikiwa kwenye seva. Redfall ilitoka Mei 2023 ikidai intaneti hata ukicheza peke yako. Uwezo wa kucheza bila mtandao ulikuja Mei 2024, wakati studio iliyoitengeneza imeshatangaziwa kufungwa. Angalau wao waliacha kitu kinachochezeka. Wengi hawaachi.

Mimi mwenyewe ninayo moja ya aina hii, siitaji jina. Unafungua, linakuja dirisha la programu ya kampuni juu ya programu ya duka, linataka barua pepe na nenosiri, halafu tarakimu sita zilizotumwa kwenye hiyo barua pepe. Ukipita hapo unafika kwenye menyu: sevu zako unaziona, saa ulizocheza zimeandikwa, picha ya mhusika wako iko pale na silaha zake, ila kitufe cha "Endelea" ni cha kijivu na chini yake kijiduara kinazunguka. Sevu iko kwenye diski yangu. Faili naliona kwenye folda. Kinachosubiriwa ni kibali.

Halafu kuna suala la akaunti za lazima, ambalo linawaumiza zaidi walio nje ya nchi zinazohudumiwa. Septemba 2024 Sony walileta God of War Ragnarök kwenye kompyuta, gemu ya mtu mmoja mwanzo mwisho, wakadai akaunti ya PlayStation Network, huduma yao ya mtandaoni. Nchi zisizokuwa na huduma hiyo ni nyingi sana, na mtu wa huko anayefuata masharti hawezi hata kujisajili kihalali. Miezi michache nyuma Ghost of Tsushima ilikuwa imeshaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi hizo, ingawa akaunti ilihitajika kwa sehemu ya wachezaji wengi tu. Baada ya kelele, Januari 2025 Sony walitangaza kwamba akaunti itakuwa hiari kwa baadhi ya gemu zao za kompyuta, Ragnarök ikiwemo. Kelele zinasaidia, kwa hiyo msizidharau. Kampeni ya Stop Killing Games aliyoianzisha Ross Scott mwaka 2024 kwa sababu ya hiyo hiyo The Crew ilipita sahihi milioni 1 Umoja wa Ulaya mwezi Julai 2025. Hawadai seva ziwashwe milele. Wanataka kampuni ikijitoa iache gemu katika hali ya kuchezeka.

Sasa tuje kwa matapeli wadogo, maana penye kero kama hii lazima watokee. Wapo wanaouza "gemu bila intaneti" kwa bei ya kutupa. Unachopewa ni jina la akaunti na nenosiri. Unaambiwa uingie, upakue gemu, uwashe hali ya nje ya mtandao ya Steam, na usirudi mtandaoni tena. Akaunti hiyohiyo wameuziwa wengine wengi. Gemu ikiwa na Denuvo, kinga ya kuzuia nakala za wizi, apdeti moja au kubadilisha kifaa ndani ya kompyuta kunaweza kuifanya idai uthibitisho upya, na hapo unakuta nenosiri limebadilishwa na muuzaji hapokei ujumbe. Gemu yenyewe ikiwa ya kudai seva muda wote ndiyo kabisa, ulichouziwa hakiwezi kufanya kazi, na yeye alijua wakati anapokea hela. Duka halikusaidii, kwa sababu kuuza au kugawana akaunti ni kinyume cha masharti na wewe huna risiti yoyote. Wengine wanauza faili la "kuondoa seva" wakikutaka kwanza uzime kingavirusi. Kimbia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela: kwenye ukurasa wa Steam, safu ya kulia, tafuta kisanduku kinachosema gemu inahitaji akaunti ya kampuni nyingine, au ina kinga ya nakala kama Denuvo. Hivyo viwili si sawa. Denuvo kwa kawaida inataka intaneti mara ya kwanza na mara mojamoja baadaye. Inaudhi, lakini gemu nyingi zenye nayo zinachezeka ukiwa nje ya mtandao. Kinachoua ni maneno kama "muunganisho wa kudumu unahitajika", ambayo mara nyingi yamefichwa chini kabisa kwenye mahitaji ya mfumo. Kwenye maboksi, maneno hayo huwa nyuma, kwa maandishi madogo. Kwa konsoli ya Switch 2 angalieni pia kadi za ufunguo: ndani ya kadi gemu haimo, inabidi uipakue.

Duka la GOG linakupa faili la usakinishaji la kuhifadhi kwenye diski yako, na hilo hakuna wa kulizima. Hata huko mtu asijisahau: mwaka 2021 waliweka Hitman ya 2016, ambayo bila seva hufungui vifaa vipya wala maendeleo hayahesabiwi. Wateja wakaja juu na duka likaiondoa.

Ukishanunua, jaribu mapema. Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujapitisha saa 2 za kucheza, na muda gemu ikiwa wazi unahesabiwa hata kama unahangaika na madirisha ya kujisajili. Cheza mpaka sevu ya kwanza, funga kila kitu, weka Steam katika hali ya nje ya mtandao, chomoa waya au zima waifai, kisha fungua tena na ujaribu kuendelea na sevu ileile. Usiridhike kwa kuona menyu. Ikigoma, piga picha ya ujumbe wa hitilafu siku hiyohiyo na uombe pesa yako. Kwenye maelezo andika sentensi moja tu: gemu imetangazwa kuwa ya mchezaji mmoja na haiendi bila muunganisho wa seva.