Huduma ya kupima kiwanja kilichokuwa yadi ya nguzo, Mafinga: nyota nne kati ya tano

Hii ni kwa wenzangu wenye chekechea na vituo vya kulelea watoto huku Mafinga, Makambako na Njombe. Ukipewa eneo kwa bei ya kutupa na ukasikia zamani palikuwa yadi ya kutia dawa nguzo za umeme, usiweke sahihi kwanza. Mimi nilipata eneo la namna hiyo, limezungushiwa ukuta, lina vyumba imara na kisima. Kabla ya kulipa kodi nikatafuta watu wa kutathmini kama watoto watakuwa salama pale, nikaelekezwa kwa kampuni ndogo ya ushauri wa mazingira Iringa mjini. Kwa sehemu kubwa wamenitendea haki. Yapo pia yaliyonikera, nayo nitayasema.

Tunaoishi karibu na msitu wa Sao Hill tunazijua nguzo hizi. Mlingoti unakatwa, unamenywa magome, unakaushwa, halafu unaingizwa kwenye tanki refu la chuma. Hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa shinikizo mpaka iingie ndani ya mti. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, ndiyo inayoipa nguzo ile rangi ya kijani. Nguzo ikitoka tankini bado inadondosha. Pasipokuwa na sakafu ya zege yenye mfereji wa kurudishia dawa, matone yote yanaingia ardhini. Na arseniki ni sumu, tena ni elementi, haiozi. Marekani dawa hii iliondolewa kwenye mbao za majumbani na za viwanja vya michezo ya watoto mwishoni mwa 2003, ingawa kwa nguzo za umeme imeendelea kutumika.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba mtaalamu wao hakukimbilia kuchimba. Aliuliza kwanza ni nani hapa mtaani aliyewahi kufanya kazi pale. Nikampeleka kwa baba mmoja aliyekuwa kwenye tanki enzi hizo. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, mzee akavaa gamuti zake akatuongoza mwenyewe. Alisimama nyuma ya choo cha zamani, kwenye majani mazuri kabisa, akapiga chini kwa fimbo. "Hapa, mwanangu. Tope la chini ya tanki tulikuwa tunalimwaga hapa." Kwenye mchoro wa kiwanja niliopewa na mwenye eneo, pale pameandikwa bustani. Mimi nilikuwa nimepanga kuweka bembea.

Sehemu ile ndiyo iliyotoa kipimo kikubwa kuliko zote. Nasema hivi kwa sababu kampuni nyingine niliyoongea nayo kwa simu ilitaka kuchukua sampuli nne za pembeni na moja ya katikati, basi. Wasingepagusa.

Uchukuaji wa sampuli ulikuwa wa watu wanaojua kazi. Walichota udongo wa juu tu, sentimita chache, kwa sababu huo ndio unaoshikwa na mikono ya mtoto na kupeperushwa na upepo wa Agosti. Kila shimo glavu mpya, kijiko kikasuuzwa, mfuko ukaandikwa. Walichukua pia udongo wa shamba la mbali lisilowahi kuguswa na dawa, ili ijulikane arseniki ya asili ya huku ni kiasi gani. Walikuwa na kile kipimio cha mkononi kinachosoma metali papo hapo, lakini wakanieleza kwamba madini ya risasi (lead) yakiwamo kwenye udongo yanaweza kukichanganya kikasoma arseniki vibaya, kwa hiyo sampuli za muhimu zikaenda maabara Dar.

Sasa malalamiko. Rasimu ya kwanza ya ripoti ilisema udongo wa karibu na tanki "hauna hatari ya kutia wasiwasi". Nikaomba hesabu zenyewe. Kumbe walipiga hesabu ya mtu mzima wa kilo 70! Nikawauliza, mtu mzima gani atakayecheza mchangani kwangu?

Nawaeleza ili nanyi muweze kukagua. Udongo ule ulikuwa na arseniki miligramu 150 kwa kilo. Kiwango ambacho ATSDR, wakala wa Marekani unaoshughulikia afya za watu wanaoishi karibu na maeneo ya taka za sumu, inakitumia kama kikomo cha kumeza arseniki kila siku kwa muda mrefu ni mikrogramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu mzima wa kilo 70 ana nafasi ya mikrogramu 21 kwa siku. Makadirio ya kawaida ni kwamba anameza miligramu 100 za vumbi na udongo kwa siku, ambazo hapa zinabeba mikrogramu 15. Bado yuko ndani ya kikomo. Mtoto wa kilo 15 nafasi yake ni mikrogramu 4.5 tu, na anakadiriwa kumeza udongo mara mbili ya mkubwa, miligramu 200, kwa sababu kila kitu kinaenda mdomoni. Hizo ni mikrogramu 30. Hata ukichukua kwamba mwili unafyonza asilimia 60 tu ya arseniki iliyo kwenye udongo, zinabaki 18, mara nne ya nafasi yake. Udongo ni uleule. Kwa sifa yao, hawakubishana. Waliandika upya sura nzima bila kuniongezea bei.

La pili, kromiamu. Walipima jumla yake, na jumla haisemi kitu kikubwa. Dawa ikishakaa vizuri kwenye mti, kromiamu ya valensi sita, ile inayosababisha saratani ikivutwa, hugeuka kuwa ya valensi tatu ambayo madhara yake ni madogo sana. Kipimo cha valensi sita ilibidi nikidai na kukilipia peke yake. Kingekuwa kwenye orodha tangu mwanzo.

La tatu, majirani. Ukuta wa yadi haukuzuia vipande vya nguzo kutoka. Nyumba ya pili kuna banda la kuku lililojengwa kwa vipande hivyo, na dada mmoja anayepika maandazi alikuwa akivichanja kuni. Mti huu ukiungua, arseniki nyingine inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu yale yanamwagwa kwenye mboga. Ripoti ilikuwa kimya juu ya haya mpaka nilipowapeleka nyumba kwa nyumba. Dada yule aliacha siku hiyohiyo alipoelezwa kwa Kiswahili cha kawaida. Ripoti yenyewe ilikuja kwa Kiingereza, kurasa nyingi. Muhtasari wa Kiswahili niliuomba baadaye.

Kwa nini ninang'ang'ania hivi? Niagara Falls, jimbo la New York, kampuni ya Hooker ilizika taka za kemikali kwenye mfereji wa Love Canal, ikafukia, na mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1. Shule ikajengwa. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura pale na familia zikahamishwa. Sheria iliyounda ATSDR ilipitishwa 1980, baada ya mkasa huo.

Sijasaini bado. Mwenye eneo amekubali kuondoa udongo wa nyuma ya choo na kuupeleka kunakoruhusiwa kupokea taka hatarishi, na kumwaga zege pale penye tanki. Kisima kilipimwa kiangazi na arseniki ilikuwa chini ya mikrogramu 10 kwa lita, kikomo cha WHO, lakini nimewaomba wapimaji warudi Machi, mvua ikiwa imeshiba ardhini. Gharama ya marudio hayo wameiweka kwenye mkataba, na wewe ukiwaita idai hivyohivyo, pamoja na hesabu ya mtoto wa kilo 15.