Kliniki ya mifugo Area D kwa wanaohama nje na mbwa wakubwa: nawapa nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na ile moja nitasema mbele imepotelea wapi. Naandika kwa ajili ya watu wa hapa Dodoma wanaopata kazi au masomo nje na wana mbwa wakubwa, mana sikuhizi naona wengi wanawaacha kwa majirani au wanawauza kwa bei ya kutupa kisa wameambiwa "Ulaya hawaruhusu". Wanaruhusu, ila inategemea ni mbwa gani na unaenda nchi gani, na hii kliniki ndo sehemu ya kwanza nimekuta mtu anauliza hilo kabla ya kuuliza hela.

Sisi tunahamia München, Ujerumani, Baba Neema kapata kazi kule, na tuna mbwa wawili, Simba ni Rottweiler, na Chui ni jike, mama yake wa kienyeji wa Nzuguni, baba yake boerboel wa jirani, wale mbwa wakubwa wenye asili ya Afrika Kusini. Tulishaanza na ajenti mmoja wa Dar, huyo alitaka uzito wa mbwa na advansi basi, aina ya mbwa hakuuliza ata siku moja. Huku tulipofika tu dokta akasema "Mama Neema, hebu nione kadi zao za chanjo." Akazisoma taratibu, alipofika kwenye ya Chui akanyamaza, alafu akaweka kidole pale kwenye mstari wa aina ya mbwa. Aliyemchanja utotoni alikuwa kaandika "pitbull kros".

Jamani hapa kwetu mbwa yeyote mwenye kifua na manyoya mafupi anaitwa pitbull, ni sifa, muuzaji anaongeza na bei. Sasa Ujerumani wana sheria ya tangu 2001, pitbull, American Staffordshire, Staffordshire Bull Terrier na Bull Terrier hawaingizwi nchini, na machotara wao pia. Yani neno moja la kalamu ya bluu lilikuwa linatosha kumkwamisha Chui uwanja wa ndege, na ajenti kadi ile alishapigiwa picha akatumiwa, hakusema kitu.

Baba Neema akamuomba dokta aandike kadi mpya tu, aweke "kienyeji" yaishe. Akakataa. "Kaka yangu, mi siandiki ninachoambiwa, naandika ninachokiona na kinachothibitika." Akataka picha za mama wa Chui, akamuita jirani na kadi ya yule boerboel wake, akampiga Chui picha mbele, ubavuni, kichwa, akaandika ripoti ikapigwa muhuri, na akatuambia tuitume kwanza kwa watu wa mifugo wa mpakani kule Ujerumani, tupate jibu la maandishi ndo tukate tiketi. Kwa hili tu mi nilishaona hela yangu imefanya kazi.

Kwa Simba ikawa habari nyingine. Rottweiler anaingia Ujerumani ila kila jimbo lina orodha yake, na Bavaria ambako ndo München ilipo anawekwa kundi la pili la mbwa wanaodhaniwa wakali mpaka ithibitike vingine, kwaiyo mtaalamu anampima tabia, na akionekana hana shida manispaa inatoa cheti. Dokta alitushauri tuwaandikie manispaa mapema, tukafanya hivo. Alituonesha pia jinsi nchi zilivyo tofauti: Denmark tangu 2010 wamepiga marufuku aina 13 na boerboel yumo, na machotara, kwaiyo Chui asingeingia ila Simba angeingia. Ufaransa Rottweiler yuko kundi la pili, anavaa kifunga mdomo na mwenye mbwa anatakiwa kuwa na kibali na bima. Uingereza na Wales toka tarehe 1 Februari 2024 XL Bully, aina ya bulldog mkubwa wa Kimarekani, hafugwi bila cheti maalum cha msamaha. Kwaiyo ukisikia fulani kaenda na mbwa wake Ulaya usifurahi haraka, uliza nchi, uliza na jimbo.

Makaratasi ya kawaida wanayajua vizuri. Simba alikuwa anachanjwa kila mwaka ila hakuwa na chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, na chanjo ya kabla ya chipu hawaihesabu, ikabidi kuanza upya: chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, zisipungue siku 30 ndo damu inatolewa na kupelekwa maabara inayotambulika na Umoja wa Ulaya, majibu ya kinga ya kichaa cha mbwa yafike 0.5 (IU kwa mililita) au zaidi, alafu kwa sisi tunaotoka Tanzania unasubiri miezi mitatu toka siku damu ilipotolewa. Kwaiyo mwenye safari ya mwezi ujao asiende pale kugombana na watu, haiwezekani. Cheti cha afya ndo cha mwisho kabisa, daktari wa serikali anasaini, na ukishapewa una siku 10 za kufika.

Boksi nalo alipima mwenyewe kwa tepu ya fundi nguo, toka puani mpaka shina la mkia, akajumlisha na nusu ya urefu toka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele, ndo ukawa urefu wa boksi. Fundi alipewa vipimo hivo na hakukuwa na maneno uwanjani.

Nyota iliyokatwa: bei wanakutajia vipande vipande. Leo chipu, kesho kutoa damu, keshokutwa unaambiwa kuna gharama ya kusafirisha sampuli, na kila kitu ni lazima, sasa mtu unapangaje bajeti? Risiti wanatoa ila mpaka ukumbushe. Na simu yao mchana haipokelewi, tuma meseji wasap.

Simba na Chui wameshatangulia na Baba Neema, mi nasubiri watoto wafunge shule. Mkienda nendeni asubuhi mapema, mana kuanzia saa nne wanajaa watu wa kuku na mbuzi, na mbebe kadi zote za zamani ata zile zilizochanika.