AlmaLinux kwa anayejiandaa kusimamia seva

Anayetafuta ujuzi wa Linux utakaomsaidia kupata kazi hukutana kwanza na wingi wa distro (matoleo mbalimbali ya Linux), na mara nyingi huchagua ile yenye sura ya kuvutia zaidi. Kigezo hicho kina uzito mdogo, kwa kuwa mwajiri anahitaji mtu wa kuendesha seva ambayo pengine haina hata skrini. Kwa kazi ya namna hiyo, naipa AlmaLinux nafasi ya kwanza.

Ilitolewa mwaka 2021, baada ya kampuni ya Red Hat kutangaza kwamba CentOS Linux 8, distro ya bure iliyotokana na mfumo wake, ingekoma kuhudumiwa mwishoni mwa mwaka huo. Imetengenezwa ili ioane na Red Hat Enterprise Linux, mfumo wa kulipia uliozoeleka katika taasisi kubwa. Hivyo mwanafunzi asiyelipa chochote hutumia dnf (ya kusakinisha programu), firewalld (ya ukuta wa moto) na mpangilio wa faili atakaoukuta kazini. Anayelenga RHCSA, cheti cha usimamizi wa mifumo ya Red Hat, hunufaika zaidi, kwani mtihani wake ni wa vitendo mwanzo hadi mwisho, na mpangilio usiodumu baada ya mashine kuwashwa upya haumpi mtahiniwa alama.

Kinachowakimbiza wanagenzi ni SELinux (ulinzi unaotumia lebo kuamua programu ipi iguse faili ipi), ambayo huja ikiwa imewashwa, nami naihesabu kuwa ndiyo sababu kubwa ya kuichagua distro hii. Ukihamisha kurasa za tovuti kutoka folda yako binafsi kwenda /var/www/html kwa amri ya mv, faili hubaki na lebo zake za awali, na Apache (programu ya seva ya tovuti) huzuiwa kuzisoma ijapokuwa ruhusa za kawaida hazina kasoro. Ushauri unaotolewa haraka mitandaoni ni kuizima SELinux, nao ni ushauri mbaya. Anayefungua kumbukumbu za /var/log/audit/audit.log, akaitambua lebo isiyofaa na kuirekebisha kwa amri ya restorecon, amejifunza kuchunguza chanzo cha tatizo, na anapoulizwa kwenye usaili atakuwa na la kueleza.

Upungufu upo. Hazina yake ya programu ni ndogo ikilinganishwa na ya Debian, kwa hiyo utalazimika kuongeza EPEL (hazina ya ziada) mapema, na kwa matumizi ya kila siku ya mezani sioni sababu ya kuipendekeza. Aidha, kazi zinazohusu kontena (vifurushi vya programu vinavyoendeshwa kwa kutengwa) na huduma za wingu hutaja Ubuntu mara kwa mara, kwa hiyo ni busara kuwa na mashine pepe ya pili ya kuzoelea apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu. (Arch hufundisha mengi, lakini ni nadra kuikuta kwenye matangazo ya kazi.)

Wenye kompyuta za zamani wana afueni: ingawa toleo la 10 la Red Hat linadai prosesa za kiwango cha x86-64-v3, AlmaLinux 10 hutoa pia nakala ya x86-64-v2, kiwango cha chini yake. Unapoisakinisha, chagua mpangilio usio na madirisha (wa amri za maandishi pekee), kisha uifikie kwa SSH tu, yaani njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali.