Loki za boneti zenye ufunguo kwenye gari la kujiundia: miezi mitano ya matumizi, Arusha

Gari langu lina viti viwili, halina paa, na umbo lake limeigwa kutoka Lotus Seven, gari la Kiingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1957, ambalo wateja wengi walilinunua likiwa vipande na kuliunganisha wenyewe nyumbani, na ambalo haki ya kuliunda ilihamia kwa Caterham mwaka 1973. Fremu nimeichomelea uani kwangu Njiro, injini na giaboksi vimetoka kwenye Toyota iliyogongwa nyuma, na boneti ni bati la alumini lenye unene wa milimita 1.2. Boneti hiyo haina bawaba. Hunyanyuliwa nzima nzima na kuwekwa chini, kwa hiyo kinachoishikilia ni loki nne za pembeni tu, mbili kila upande. Boneti ya gari la kawaida ikifunguka safarini huishia kwenye kioo, lakini yangu ikifunguka inaweza kunijia usoni au kumwangukia mwendesha bodaboda aliye nyuma yangu.

Loki za kwanza nilizinunua katika duka moja la spea mjini, ambako muuzaji aliniapia kuwa ni stenlesi. Wiki tatu za masika zilitosha kuziotesha kutu ya rangi ya chai, na springi zake zikalegea kiasi kwamba kidole kimoja kiliweza kuzifungua. Siku moja nikielekea Moshi, nilipokuwa nakaribia Kikatiti, basi lilinipita kwa kasi na nikaona ukingo wa kushoto wa boneti ukipanda na kushuka kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Nilisimama pembeni, nikaifunga kwa kamba ya katani, nikaendelea na safari kwa mwendo wa trekta.

Baada ya hapo nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo unaokikabili kitu uso kwa uso hukisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba, na kwa mwendo wa kilomita 50 nguvu hiyo ni robo yake tu, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Boneti iliyolala haipokei msukumo huo wote, lakini ukingo wake wa mbele ukishainuka sentimita chache hali hubadilika ghafla, na ndiyo maana loki iliyotulia kabisa katika mizunguko ya mjini inaweza kushindwa barabara kuu.

Nilipotafuta loki mpya, pini zenye klipu zilikuwa imara na rahisi kuliko zote, lakini mtu yeyote akipita stendi anaweza kuchomoa klipu na kuondoka na betri. Loki za raba kama zile za malori huvumilia mtikisiko vizuri sana, ila jua na oili huziharibu, na kisu cha jikoni kinazimaliza kwa sekunde. Zile za kuzama ndani ya bati zinapendeza kuliko zote, na ningezichagua kama boneti yangu ingefungwa kwa juu, lakini huhitaji kukatiwa tundu kubwa na nguzo inayotokea chini yake, jambo ambalo kwenye pande za boneti yangu zilizosimama wima halikuwezekana. Nikabaki na loki za kubana, ndugu wa zile klipu za tranka la shule ya bweni, za stenlesi na zenye tundu la ufunguo, kwa shilingi 32,000 kila moja.

Uzuri wa loki ya namna hii uko katika jinsi mkono wake unavyolala. Kitanzi hunasa ndoano, mkono husukumwa chini, na kabla haujafika mwisho, mstari wa mvuto huvuka ekseli ya mkono, yaani pini ambayo mkono huzungukia, hivyo kadiri boneti inavyovuta kwenda juu ndivyo mkono unavyozidi kujilaza. Springi haifanyi kazi ya kushikilia. Ufunguo nao unazuia mkono usinyanyuliwe na mtu. Urefu wa kitanzi hurekebishwa kwa nati, na hilo kwa alumini si anasa, kwani bati la mita moja likipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka kupita milimita moja.

Kazi ya kuzifunga niliipeleka kwa fundi bodi mmoja wa mtaa wa Unga Limited, na nusu ya sifa ninazozitoa hapa ni zake. Nilifika na drili yangu na riveti mfukoni, nikidhani ni kazi ya nusu saa. Aliligonga bati kwa kucha, akalisikiliza, akasema, "Mzee, hili bati ni jembamba mno. Tukipiga riveti hapa, loki itang'oka na kipande chake." Akakata vipande vinne vya alumini ya milimita 3, kila kimoja kikubwa kama kiganja, akaviweka kwa ndani ili mvuto usambae, kisha akatumia bolti za milimita 5 na nati zenye pete ya nailoni badala ya riveti. Chini ya kila loki aliweka shiti ya raba, kwa kuwa stenlesi na alumini zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, alibandika utepe wa raba kwenye ukingo wote boneti inapokaa, akaiweka mahali pake, akaibana kwa mikanda miwili, na ndipo akapima. Mimi ningetoboa kwanza na kubandika raba baadaye, na loki zote zingekosa kitanzi kwa milimita tatu. Alikataa pia kuitumia loki kuivuta boneti iliyokaa upande. Alichomelea kwenye fremu pini mbili za kuielekeza boneti mahali pake, ili loki ibane tu. Kazi ilichukua siku nzima, nikalipa shilingi 60,000.

Tangu wakati huo nimekwenda Moshi na kurudi mara sita, na nimepanda njia ya vumbi ya Ngarenanyuki mara mbili, ambako mtikisiko hulegeza hata meno. Nati hazijazunguka, na mabasi yakinipita ukingo haupumui tena. Vumbi ndilo adui: huingia kwenye tundu la ufunguo, na kwa kuwa loki hizi zimekuja bila kifuniko, napuliza kila wiki na kudondoshea grafiti ya unga, ile nyeusi ya kiini cha penseli, kwani oili huligeuza vumbi kuwa tope.

Lawama yangu kubwa ni ufunguo wenyewe. Ufunguo mmoja kufungua loki zote nne ni raha, hasa moto ukizuka chini ya boneti, ingawa kwa hofu hiyo hiyo nimeweka swichi kuu ya betri nje, mkono unapofika. Lakini mwezi uliopita jirani yangu alinunua sanduku la vifaa lenye loki za aina hiyo hiyo, akasahau funguo zake kazini, na kwa utani nikamwazima wangu. Ulifungua mara ya kwanza. Betri sasa nimeifunga kwenye fremu kwa mnyororo na kufuli la kawaida.