Google Keep na mishono yangu: uzoefu wa fundi cherehani wa Mwanjelwa

Ufundi cherehani unataka mishono mipya kila wakati. Mteja wa Mbeya hataki gauni alilovaa jirani yake kwenye sendoff ya juzi, na ni haki yake. Kwa hiyo mawazo nayaokota popote: kanisani, kwenye daladala ya Uyole, au kwenye maonyesho ya Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale, ambako watu wa Nyanda za Juu Kusini wanakutana wamependeza. Kuyaokota hakujawahi kunishinda. Kazi ni kuyapata tena siku yanapohitajika, kwa sababu shingo nzuri uliyoiona Machi wakati wa mvua, mteja ataiulizia Julai.

Google Keep, programu ya simu ya kuandika na kuhifadhi mawazo mafupi, nilielekezwa na binti mmoja anayesoma MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, alikuja kupima sketi akanikuta natafuta picha kwenye simu huku mteja mwingine ananisubiri. Si programu mpya, ilitoka Machi 2013. Ni ya bure, inataka akaunti ya Gmail tu. Nimeitumia misimu kadhaa ya harusi sasa na ninaandika haya kwa mafundi wenzangu, na kwa wapambaji, waoka keki, walimu, yeyote ambaye kazi yake inakula mawazo.

Kuweka wazo ni haraka. Unaifungua, unaandika mstari mmoja, unafunga, yenyewe inahifadhi. Unaweza kupiga picha humo humo na kuichora juu kwa kidole, na hapa ndipo fundi anafaidi: nikipiga picha ya kitambaa dukani, nachora mstari wa shingo juu yake pale pale, nikifika mezani najua nilikuwa nawaza nini. Mikono ikiwa imeshika kazi, naongea. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, kwa hiyo unabonyeza alama ya maiki kwenye kibodi iliyowekwa Kiswahili, unaongea taratibu, maneno yanajiandika. Sogea mbali na mashine ya overloki kwanza, ule mlio haufai.

Jambo moja nawaomba mlizingatie: picha peke yake haitoshi. Programu inatafuta kwa maneno. Ukiweka picha ya gauni bila neno lolote, utaipata kwa kupekua tu, na hapo hujatofautiana na mtu mwenye picha elfu moja kwenye galari. Kila picha naiandikia maneno machache ninayotumia na wateja: "shingo ya boti, mkono umejaa begani umebana kiwiko, kitenge kikubwa maua". Na neno liwe lile lile siku zote. Ukiandika "marinda" leo, kesho usiandike kitu kingine kwa mshono ule ule. Naandika pia nilikouona mshono, kwa sababu mteja akisema anataka wa kipekee, lazima nijue kama tayari umeshazagaa mjini.

Halafu kuna lebo, yaani majina ya makundi unayoyapa mawazo yako. Watu wengi niliowaonyesha wanaanza kwa kupanga kwa aina ya nguo: magauni, sketi, blauzi, suruali. Mimi nilipanga kwa wakati na mahali mshono utakapohitajika, na naamini hilo ndilo linaloifanya programu hii initumikie. Lebo zangu ni Baridi, Kyela, Harusi, Kwaya na Vipande. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai baridi inauma, na Tukuyu mvua haieleweki inaanza lini inaisha lini. Ukishuka Kyela kwenye mpunga na ziwa, ni joto, mtu anataka kitambaa chepesi na mgongo unaopumua. Wote ni wateja wangu. Mama wa Kyela akipiga simu, nagusa lebo moja tu, naona kila kitu nilichowahi kufikiria kwa ajili ya joto, hata kama kimoja ni gauni na kingine ni shati la mume wake. Na wazo moja linaweza kubeba lebo mbili, Kyela na Harusi, bila kulinakili mara ya pili.

Lakini kuweka na kupanga si kitu kama hurudi. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nawaona mafundi wazuri, vijana wenye macho makali, wana maelfu ya mishono kwenye simu na bado wanashona ile ile mitatu. Programu ina vikumbusho na vinaweza kujirudia kila siku, kila wiki, kila mwezi au kila mwaka. Nina kimoja cha kila Jumatatu asubuhi, soko likiwa bado halijachangamka. Kikilia, nachagua lebo moja tu na kuipitia. Kila wazo ninalolifungua lazima lisogee: ama nakata sampuli kwenye kitambaa cha marekani, ama naongeza sentensi ya kitu nilichokiona tangu siku ile, ama nalipeleka kwenye kumbukumbu lisinizibie macho. Likienda kumbukumbu halijafutwa, ukilitafuta linakuja. Ukilifuta, linakaa kwenye tupio siku 7 kisha linaondoka kabisa, hilo mlijue.

Vikumbusho vya mwaka ni vya kwaya. Kwaya za hapa, za Moravian na za wengine, sare ya Krismasi haitakiwi kuanza kufikiriwa Desemba. Mawazo yote ya sare nimeyafunga na kikumbusho cha Septemba, ili mwenyekiti wa kwaya akija nimpe michoro badala ya ahadi. Pasaka inahama, kwa hiyo hiyo naipanga upya kila mwaka baada ya kuangalia kalenda. Baada ya mavuno ya mahindi harusi zinafuatana, hivyo lebo ya Harusi naipitia mapema, wakati vitambaa bado vina bei ya kawaida na wasimamizi hawajagombana kuhusu rangi.

Kizibao ninachouza sana sasa kilizaliwa kwenye mapitio hayo. Kulikuwa na wazo la kola ya kusimama niliyoiona kwa mama mmoja stendi ya Tukuyu, limewekwa Baridi. Kulikuwa na jingine, la kutumia vipande vya vitenge vinavyobaki baada ya kukata magauni, nalo nilikuwa nimelipa lebo mbili, Vipande na Baridi. Na la tatu ni maneno ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyesema akivaa sweta zito mkono haunyooki ubaoni. Programu inaonyesha mawazo kama kadi zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na asubuhi hiyo yale matatu yalikuwa jirani. Kizibao kisicho na mikono, kola inayokinga shingo, nje vipande vya vitenge vilivyounganishwa, ndani kitambaa cha blanketi jepesi. Mkono uko huru, kifua kina joto. Walimu ndio walioanza kuagiza. Yale mawazo yalikuwa ya nyakati tofauti kabisa na peke yangu nisingeyakumbuka kwa pamoja.

Mengine nayasema kwa kifupi. Unaweza kumshirikisha mtu mwingine kwenye wazo moja, naye akaongeza kwenye simu yake. Mwanafunzi wangu na mimi tunatumia hivyo orodha ya nyuzi, zipu na vishikizo, mmoja akinunua anaweka tiki. Ukipiga picha ya maandishi yaliyochapwa, programu inaweza kuyatoa yakawa maneno, inafaa kwa lebo za vitambaa. Rangi za kadi sizitumii sana.

Bando haliliwi kwa maandishi. Ukiwa huna mtandao, unaandika kama kawaida na vitu vinapanda vyenyewe ukiupata, jambo lenye maana kubwa kwa anayesafiri milimani kati ya Tukuyu na Kyela. Picha ndizo nzito, kwa hiyo piga moja iliyo nzuri. Na kwa kuwa kila kitu kimefungwa na akaunti ya Gmail, simu ikiibiwa au ikianguka kwenye ndoo, unaingia kwenye simu nyingine na mishono yako ipo. Andika nywila mahali salama nyumbani, maana bila hiyo huna chochote.

Anayetaka mafaili ndani ya mafaili, au kuandika kurasa na kurasa, atafute programu nyingine; Keep ni ya mawazo mafupi. Evernote ni ya zamani zaidi, ya 2008, na ina nafasi ya maandishi marefu, ila tangu Desemba 2023 toleo la bure lina kikomo cha noti 50 (noti moja ni kama kadi moja ya Keep), na fundi anayeokota mishono anafika hapo mapema sana.

Vipimo vya wateja siviweki humo. Kifua, kiuno na nyonga za watu vinabaki kwenye daftari, na daftari linalala kwenye droo yenye kufuli. Simu yangu inashikwa na watoto, inashikwa na mwanafunzi, inaonyeshwa kwa wateja wakichagua mishono. Mama wa watu hajanipa mwili wake ili upite mikononi mwa kila anayetaka kuona gauni. Fundi atakayeanza kutumia programu hii atenganishe hayo mawili tangu siku ya kwanza.