Sikiliza mikono ya Okay Temiz: uchambuzi wa santuri ya "Music for Xaba"

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Hii hapa mkononi ni "Music for Xaba", santuri ya jazz iliyorekodiwa Stockholm, Sweden, mwaka 1972. Wanamuziki ni watatu tu. Mongezi Feza wa tarumbeta na Johnny Dyani wa besi ni Waafrika Kusini, walioondoka kwao mwaka 1964 wakiukimbia ubaguzi wa rangi. Wa tatu, na ndiye aliyenifanya niinunue, ni mpiga ngoma Mturuki: Okay Temiz.

Okay kazaliwa Istanbul mwaka 1939. Mwaka 1969 alipiga na Don Cherry, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, kule Ankara, kwenye ubalozi wa Marekani. Sweden akapiga na Mturuki mwenzake, Maffy Falay, katika bendi ya Sevda, na mwaka 1974 akaanzisha ya kwake, Oriental Wind. Anasifika pia kwa ngoma za shaba zilizofuliwa kwa nyundo, alizojitengenezea mwenyewe. Na darbuka anaipiga, ile ambayo watu wa taarabu wanaiita dumbaki.

Sasa tuweke sindano. Tarumbeta iache kwanza, fuata ngoma. Umesikia? Feza anarusha sauti fupi, Okay anaidaka, anairudisha ikiwa imebadilika. Wanazungumza hawa!

Nadhani siri iko kwenye midundo ya kwao Uturuki, mingi haigawanyiki sawa. Ule wa mapigo tisa, piga makofi nami: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Tena! Pale kwenye tatu mguu unataka kujikwaa, halafu unakanyaga ardhi. Mtu aliyelelewa na mdundo huo haogopi kuuacha mdundo ulegee, maana anajua utarudi.

Kwa anayetaka wimbo wenye kiitikio cha kuimba naye, hii itamchosha. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliizima katikati. Mara ya tatu ndipo iliponikamata. Na tafadhali, msiisikilize kwa spika ya simu. Besi ya Dyani itamezwa yote, na ngoma kubwa zitasikika kama mtu anagonga meza. Vaa hedifoni.

Feza alifariki mwaka 1975, ana miaka 30 tu. Dyani akafuata mwaka 1986. Ukiikuta santuri hii kwa bei inayoshikika, ichukue, uwasikie wote watatu chumba kimoja.