PARI/GP: programu ya bure ya kuvunja namba kubwa, bando liwepo lisiwepo

Nafundisha hesabu darasa la sita na la saba. Zamani nikitaka kuvunja namba yenye tarakimu nyingi, yaani kupata vigawo vyake, nilikuwa naingia kwenye tovuti; bando likikata, somo nalo limekatika. Sasa natumia PARI/GP, na walimu wenzangu naomba muijue. Ilianzia Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1980, kwa Henri Cohen na wenzake. Hailipiwi, na kompyuta yangu kuukuu inaimudu bila shida.

Msitegemee vitufe vya kupendeza. Ukiifungua unakuta dirisha lenye alama ya kuuliza, basi, linakungoja uandike. Maelezo yake ni ya Kiingereza kitupu, na hilo litawachosha baadhi yetu.

Lakini tazameni kazi yake. Tulikuwa kwenye Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS), mwanafunzi mmoja akapanga moja kumi na moja ubaoni: 11111111111. "Mwalimu, hii inagawanyika kwa ngapi?" Darasa likaanza. Kwa 2 haiwezekani, ni witiri. Kwa 3 hapana, jumla ya tarakimu ni 11. Kwa 5 hapana. Kwa 7 ikabaki. Wakachoka, wengi wakasema ni namba tasa. Nikaandika factor(11111111111), nikabonyeza, zikatoka 21649 na 513239. Nikawaambia wasiiamini mashine, wazidishe wenyewe. Wakazidisha mstari kwa mstari kwenye madaftari, na zile moja zilipoanza kujipanga kutoka kulia, kelele zilizopigwa zilimleta mwalimu wa darasa la jirani. Moja kumi na tisa nazo tulizijaribu: hiyo kweli ni tasa.

Kwangu mimi uzuri wa programu hii upo hapo. Kuzidisha ni kazi ya mtoto wa darasa la sita. Kurudi nyuma ndiko kuliwatesa magwiji. Chukueni 2^67−1 (2 kwa kipeo cha 67, toa 1), yaani 147573952589676412927. Mwanahisabati Mersenne aliitaja kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 mwanahisabati mwingine, Lucas, akaonyesha kwamba si tasa, ila kigawo hakukipata. Oktoba 1903 Frank Cole akasimama mbele ya wanahisabati wenzake New York, akazidisha ubaoni 193707721 kwa 761838257287, jibu likawa lile lile. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno, na kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Andika factor(2^67-1) na jibu la Cole liko mbele yako papo hapo. Hata 2^128+1, yenye tarakimu 39, iliyovunjwa na wanahisabati Morrison na Brillhart mwaka 1970, haiisumbui.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kwa kawaida factor hupima kama vigawo vikubwa ni tasa kwa kipimo cha haraka, ambacho hakuna aliyewahi kuonyesha namba iliyokidanganya, lakini kipimo si uthibitisho. Ukitaka uthibitisho kamili andika kwanza default(factor_proven,1), au ipime namba yenyewe kwa isprime. Mimi naiwasha kila mara, kwa sababu mbele ya watoto sisemi "ni tasa" kwa kukisia.

Na ina ukomo. Kinachoamua si urefu wa namba peke yake. Namba ndefu yenye vigawo vidogo huvunjika upesi; iliyotengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa zinazokaribiana ukubwa ndiyo kisiki. Namba moja ya aina hiyo iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250, ilivunjwa Februari 2020 kwa programu nyingine na kompyuta nyingi, kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa miaka kama 2700. Hiyo msiipe kompyuta ya shule.

Wa kuanza aandike ?factor asome maelezo yake mafupi, kisha ajaribu 20!+1 (20! ni 1 mara 2 mara 3, hadi mara 20). Hiyo ina namba tasa mbili tu ndani yake, na darasa la saba wanaweza kuihakiki kwa mkono kipindi kimoja.